Mbona Dorri Hali Chakula

Jumapili, 9 Oktoba 2005

Daftari hili nililinunua liwe la vipimo vya wateja, na kurasa nane za mwanzo zimejaa viuno na mabega ya wanawake wa Matisi. Zilizobaki nimejitwalia. Hata fundi wa nguo ana haki ya kuandika kitu kisichoshonwa.

Nimeanza leo kwa sababu Wamboi amenipigia simu kutoka Bungoma. Wamboi ni binti ya kaka yangu, na ndiye anayetunza maktaba ya shule moja ya wasichana kule. Kitabu cha tano kimefika. Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini nisije nikaharibu kitambaa cha mwenyewe.

Nieleze, maana huenda siku moja haya yakasomwa na mtu asiyenijua. Ni vitabu vya hadithi, vya Kiingereza, vilivyoandikiwa vijana wa sekondari. Vinahusu nchi ya Halmere, ambako kila mtoto akizaliwa hupewa upepo wake ndani ya chupa. Kuna msichana anaitwa Ansa, kuna kaka yake Dorri, na kuna korongo mmoja mwenye kiburi ambaye hawezi kusema uongo hata akitaka. Nina miaka arobaini na sita, sina mume wala mtoto, nina cherehani Matisi na ekari tatu alizoniachia baba, na hakuna kitu kinachonisahaulisha kula kama vitabu hivi. Kaka yangu anasema huo ni utoto. Na aseme.

Jumatano, 12 Oktoba

Bungoma na kurudi. Kutoka stendi nilipanda baiskeli hadi getini pa shule, nimeshika kofia kwa mkono mmoja. Wamboi alikuwa amekifunika kitabu kwa gazeti ili kisichafuke, akanisainisha kama mtoto wa kidato cha kwanza. Nikirudishe kabla ya tarehe kumi na tano Desemba, maana watakagua maktaba. Kurasa mia sita na kumi na mbili. Nilikinusa mbele yake, akanicheka.

Alhamisi, 13 Oktoba

Sikufungua duka.

Jumamosi, 15 Oktoba

Hiki cha tano ndicho kizuri kuliko vyote, na niko ukurasa wa mia mbili tu. Vile vya kwanza vilikuwa na haraka, kila sura lazima mtu akimbizwe. Sasa mwandishi ametulia. Hasimami tena kutueleza chupa ni nini au mlima uko wapi. Anajua sisi tuliofika hapa ni watu wa nyumbani, tunajua vikombe vinakaa kabati gani. Korongo amezeeka na akili inamchelewa, kwa hiyo swali la leo analijibu kesho, mbele ya watu wasiohusika. Nilicheka hadi kuku akatoka kwenye mayai. Na yule mtoza kodi mwovu wa kitabu cha pili amerudi akiwa mpishi, na mimi niliyemchukia miaka mitatu nimeanza kumwonea huruma. Sijui mwandishi amefanyaje. Nilirudi nyuma kurasa kumi kutafuta mahali aliponigeuza, sikupaona.

Lakini kuna jambo, na heri niliandike hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu.

Majirani zangu wa shambani ni wawili. Cherono ni mtu wa mlimani, wazazi wake walitoka Elgon. Lenah ni wa Bungoma, aliolewa huku. Kila mwaka, mahindi yakishapukuchuliwa na kuanikwa, tunachagua yaliyooza kwa zamu: leo tunakaa kwenye turubai langu, kesho la Cherono, keshokutwa la Lenah. Ni kazi inayochosha akili kuliko mikono. Miaka minne iliyopita nilienda na kitabu cha kwanza, nikawa nasoma Kiingereza kimoyomoyo na kuwasimulia kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Ikawa sheria yetu. Anayesoma hagusi mahindi, fungu lake linachaguliwa na wenzake. Kitabu kimoja, mavuno mamoja.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya kitabu cha nne. Mwishoni Dorri anafunga lango la maji kutoka ndani ili mji usizame, na maji yanamchukua. Anakufa. Nilikuwa nimekwisha kukisoma peke yangu, nikajua ukurasa huo unakuja. Na mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo yalikuwa yametokea yale mambo ya Cherono: kijana wake wa kwanza alichukuliwa na mto Nzoia, upande wa Moi's Bridge, akivuka mahali ambapo watu huvuka kila siku.

Nilipofika kwenye ukurasa ule, Cherono alikuwa ameketi mbele yangu, mikono imezama ndani ya mahindi, haichagui. Nikafungua kinywa nikasema: Dorri akaibuka ng'ambo, akakohoa, akauliza kama kuna chakula. Lenah akapiga makofi. Mikono ya Cherono ikaanza kuchagua tena. Basi. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema sana.

Sasa kitabu cha tano kinaanza na matanga ya Dorri.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimesoma sura ya tisa mara tatu.

Hakuna kinachotokea humo. Hakuna vita wala uchawi wowote mpya. Ni mama yao tu, nyumbani. Desturi ya Halmere ni kwamba mtu akifa, chupa yake inapelekwa uwanjani na kufunguliwa, upepo wake uende zake. Mama anakataa. Anaiweka chupa ya Dorri dirishani, kila asubuhi anaifuta vumbi na kuihadithia habari za mbuzi: nani amezaa, nani amevunja ua. Majirani wanamletea vyakula asivyovipenda. Mwisho wa sura anaifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, anampa Ansa aende nayo safarini, na kumwambia, "Nenda naye akaone dunia. Usimwachie upande wa jua."

Nimeshona miaka ishirini na mitano na ninajua kazi nzuri nikiiona. Hiyo sura haina uzi uliojitokeza hata mmoja. Ningetoa chochote niisome kwa sauti pale kwenye turubai. Na ndiyo sura pekee ambayo siwezi.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sikukuu. Tumekata mahindi siku nzima. Mgongo si wangu tena.

Jumamosi, 29 Oktoba

Mvua isiyoalikwa. Mahindi yamesimama kwa mafungu shambani, yanalowa. Nimemaliza kitabu kwa mara ya kwanza. Nimeanza tena.

Alhamisi, 3 Novemba

Kaka yangu amekuja na mashine ya kupukuchua. Makelele, vumbi, magunzi kila mahali. Aliona kitabu juu ya meza akatikisa kichwa. Baadaye nilimkuta ameshika ukurasa wa sitini.

Jumatatu, 7 Novemba

Siku ya kwanza ya kuchagua, kwangu. Lenah alifika na thermos ya chai na maneno mengi. Cherono alikuja nyuma yake. Ni mtu asiyependa kuuliza. Unaweza kukaa naye toka asubuhi hadi saa kumi usisikie swali. Leo, kabla hata hajakunja miguu, alisema, "Dorri alifika wapi?"

Nikasema yuko, anapona kikohozi. Sura ya kwanza nikaigeuza kutoka matanga ikawa karamu ya kumshukuru Mungu. Wageni wote walikuwa walewale, vyakula vilevile. Nilibadilisha nyuso tu, wenye kulia wakawa wanacheka. Nilitokwa na jasho kama ninayepanda mlima.

Jumatano, 9 Novemba

Kwa Lenah. Leo ilikuwa rahisi zaidi, na sitaficha, niliona utamu. Nimempa Dorri maneno ya kusema njiani. Nimempa wivu kidogo juu ya rafiki mpya wa Ansa. Mahali pengine naona utani wangu umepita wa kitabu. Cherono alitabasamu mara mbili, nilihesabu.

Jumamosi, 12 Novemba

Sura ya tisa imefika. Niliiruka. Niligeuza kurasa kumi na nane kwa pamoja kama mtu aliyelowesha kidole vibaya, nikaendelea na ya kumi. Hakuna aliyejua. Chai ya Cherono ilikuwa na maziwa mengi mazuri, sikuweza kuimaliza.

Jumanne, 15 Novemba

Lenah ameniuliza swali.

Tulikuwa kwake. Nilikuwa nasimulia walivyovuka nyika kwa siku nne, Ansa na rafiki yake na yule mpishi, na Dorri wangu. Mpishi anapika kila jioni, na mwandishi huyu anapenda chakula, kila sufuria inaelezwa. Lenah akasimamisha mkono hewani, punje mbovu katikati ya vidole.

"Fundi, ngoja kidogo. Mbona Dorri hali chakula?"

Nikamwuliza anamaanisha nini.

"Siku nne hizi. Huyo msichana amekula, mpishi amekula, hata ndege amekula. Dorri anaongea tu. Ati mtu alitoka kwa maji akitafuta chakula, sasa ameacha kabisa?"

Nilisema anafunga kwa ajili ya nadhiri. Lenah akasema nadhiri gani hiyo haikutajwa. Nikasema itatajwa mbele. Tukacheka, mimi kuliko wote. Cherono hakucheka, lakini yeye si mtu wa kucheka ovyo.

Nimekaa sasa hapa na kalamu nikiona jinsi Lenah alivyo. Miaka yote hii nilidhani yeye ni wa makelele tu, mtu wa kumsimulia taratibu kwa kuwa aliachia shule darasa la sita. Kumbe yeye ndiye anayesoma kwa makini kuliko mimi. Mimi nilimpa Dorri maneno nikasahau kumpa sahani.

Alhamisi, 17 Novemba

Leo Dorri amekula viazi viwili na kipande cha nyama. Lenah akasema, "Haya, sasa."

Jumatatu, 21 Novemba

Kura ya katiba, ya ndizi na chungwa. Tulipanga foleni pamoja watatu, tukarudi pamoja, na hakuna aliyemwuliza mwenzake amechagua tunda gani. Ndiyo maana tunaelewana. Hatukuchagua mahindi.

Alhamisi, 24 Novemba

Nitaandika yote, hata kama mkono unakataa.

Tulikuwa kwa Cherono. Upepo ulikuwa mzuri, jua si kali, na lundo lilikuwa la mwisho mwisho. Nilikuwa nimefika sura ya kumi na nne, ile niipendayo kuliko zote baada ya ya tisa. Ansa amealikwa mezani kwa mfalme. Amevaa viatu vya kuazima, anaogopa kutumia kisu kisicho chake. Kumbuka korongo hujibu maswali ya jana. Basi wote wamekaa kimya wakimngoja mfalme aonje supu, na korongo anapanda juu ya meza na miguu yake yenye matope. Nilikuwa nimeanza kucheka kabla sijafika hapo. Lenah alikuwa anacheka kwa sababu mimi nacheka. Hata Cherono alikuwa ameinua uso.

Na kwa raha ile mdomo wangu ukatangulia akili. Jicho lilisoma, mdomo ukatoa kilichoandikwa, kama tulivyokuwa tukifanya miaka ya kwanza: "Korongo akamtazama Ansa, akasema, 'Jana uliniuliza kwa nini umechoka. Tangu Dorri afe umekuwa ukibeba chupa mbili.'"

Nililisikia likitoka. Kidole changu kikabaki juu ya mstari.

Lenah alisema, "Ati afe?"

Nikaanza kusema kwamba huo ni usemi wao tu, huko Halmere mtu akisafiri sana wanasema hivyo. Niliongea sana. Kadiri nilivyoongea ndivyo nilivyosikia sauti yangu ikipanda kama ya mwuza dawa za panya sokoni. Lenah aliangalia chini. Cherono aliendelea kuchagua. Alichagua fungu lililokuwa mbele yake mpaka likaisha, taratibu, punje kwa punje, na sisi wawili tukimngoja. Kisha akakung'uta sketi.

"Fundi," alisema, "huyo ndege hasemangi uongo."

Akaingia ndani kwake. Mlango haukubamizwa. Lenah na mimi tulifunika mahindi, tukaondoka.

Ijumaa, 25 Novemba

Zamu ya Lenah. Nilikwenda. Cherono hakuja.

Jumamosi, 26 Novemba

Hakuja.

Nina hasira, na nitasema wazi ni hasira juu yake. Nilimfanyia nini kibaya? Nilimtolea mtoto majini. Kuna waliompa maharagwe na kuna waliompa sala, mimi nilimpa nilichokuwa nacho. Mwandishi mwenyewe angeniruhusu.

Jumatatu, 28 Novemba

Mvua tena, kubwa, ya saa nane mchana. Tulikimbilia turubai mimi na Lenah, tukakunja mahindi katikati na kuyafunika, tukaketi barazani tumelowa. Hapo ndipo Lenah aliposema nami. Lenah akiwa na jambo zito huongea polepole, na ni mara chache.

Alisema ameenda kumwona Cherono mara mbili. Haumwi. Anachagua mahindi yake peke yake. Nilimwambia Lenah yote, tangu mwaka jana, na nilipomaliza nikaongeza kwamba nilifanya vile kwa ajili yake.

"Ulifanya kwa ajili yako," Lenah alisema. "Uliogopa alie mbele yako, useme nini. Mimi siwezi kukulaumu, juu hata mimi naogopanga. Nikimwona Mama Chepngeno njiani naanza kuongea habari ya kuku."

Chepngeno ni mtoto wa pili wa Cherono, yuko shule ya bweni. Tulikunywa chai ikiwa baridi.

Jumatano, 30 Novemba

Nimejaribu kusoma, nikaona maandishi tu. Haijawahi kunitokea.

Lenah ana haki. Siku ile ya kitabu cha nne sikumtazama Cherono nikaona anachohitaji. Nilitazama mikono yake imesimama, nikaogopa. Nilitaka ianze kuchagua tena ili mimi nipumue. Na kwa sababu hiyo nimemnyima sura ya tisa, iliyo nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kumsomea, tena huenda iliandikwa kwa ajili ya mtu kama yeye kuliko mtu kama mimi. Naona aibu. Ni aibu ya kawaida, ya mtu mzima aliyedanganya rafiki yake.

Jumamosi, 3 Desemba

Bungoma. Sikwenda kurudisha kitabu, nilikwenda kuazima cha nne. Shule imefungwa, Wamboi alinifungulia kwa funguo zake, akaniuliza shangazi kwani nimesahau kilivyoisha. Nilimwambia ninakumbuka vizuri sana, na hapo ndipo palipo na shida. Alinipa bila kunisainisha.

Jumanne, 6 Desemba

Nimetoka kwa Cherono. Jua bado liko juu.

Nilikwenda asubuhi na vitabu viwili ndani ya kikapu. Alikuwa uani, kwenye turubai lake, peke yake. Hakunikaribisha wala hakunifukuza, nami nikakaa. Nilimwambia nilimdanganya na kwamba nimekuja kusoma ukurasa wa kweli, akitaka. Alifikiri. Akasema nisome.

Nikasoma ukurasa wa mia nne na thelathini, Dorri na lango la maji, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Ni ukurasa mmoja na nusu tu. Mikono yake ilisimama ndani ya mahindi kama mwaka jana, na safari hii niliiacha isimame.

Nilipomaliza aliitoa mikono, akaikung'uta. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema siku moja, nami nayaweka hapa jinsi alivyoyasema.

"Huyo kijana wa kitabu sikumzaa. Akufe, asikufe, si yangu. Lakini nitakuambia. Mwaka huu wote nikiamka asubuhi nakumbuka wangu hakutoka kwa maji. Halafu nakumbuka kuna mmoja alitoka. Hata kama ni wa kitabu, nilikuwa nasema, haya, kuna mmoja alitoka. Nikapata nguvu ya kukamua ng'ombe. Sasa umenirudisha nianze mwanzo."

Nilimwambia anisamehe. Akasema atanisamehe, lakini si leo. Akaniuliza hicho kingine cha nini.

Nikafungua sura ya tisa. Sijui nilisoma muda gani. Kurasa kumi na nane kwa Kiswahili cha kutafuta, nikirudi nyuma kurekebisha pale niliposema ovyo. Chupa dirishani. Vumbi. Habari za mbuzi. Alipofika yule jirani na uji usio na sukari, Cherono alitoa sauti puani, karibu ni kicheko. Kwenye kitambaa cha kichwa alilia, bila kujificha na bila kuacha kunitazama. Nikalia pia. Mimi niliyeogopa jambo hilo mwaka mzima nililiona limekuja, nalo lilikuwa jambo la watu wawili kulia uani, basi.

Alipojifuta uso aliuliza, "Huyo mama wanamwitaje?"

Nikasema anaitwa Maren.

"Hilo ni lake la kuzaliwa. Majirani wanamwitaje?"

Nikasema wanamwita hivyohivyo, ni desturi ya huko. Akatikisa kichwa.

"Na mimi, kabla ya mwaka jana, nyinyi mlikuwa mnaniitaje?"

Nikakifunga kitabu.

"Miaka kumi na tisa mliniita jina moja," alisema. "Wewe, Lenah, watu wa kanisa, mwenye duka. Tukatoka kuzika, na kesho yake nikawa Cherono. Wengine wakanifanya Mama Chepngeno, na Chepngeno ni wa pili. Hakuna mtu alikaa mkutano. Mlibadilisha tu, wote, siku moja. Na mkitaka kusema juu yake mnasema yale mambo. Kabla ya yale mambo, tangu yale mambo. Kwani mtoto wangu ni mambo?"

Nilikaa hadi fungu lake likaisha, nikaaga.

Nimefika nyumbani nikafungua daftari hili kutoka mwanzo. Nimepitia kila ukurasa. Dorri nimemwandika mara nyingi hata sikuweza kuhesabu. Yule korongo nimemwandika, mbuzi wa Halmere nimewaandika. Kijana wa Cherono, niliyemshonea sare ya darasa la kwanza na suruali ya kipaimara, aliyekuwa akipita dukani kuniomba vifungo vilivyobaki, nimemwandika "kijana wake", nimeandika "yale mambo", na jina lake halimo popote. Hata hapa, ambapo hakuna anayenisikia, niliogopa.

Aliitwa Kiptum.

Jumatano, 7 Desemba

Asubuhi nilipita kwa Lenah kwanza, nikamwambia habari ya jina. Aliacha ufagio ulipokuwa, akafunga leso, tukaenda wote. Njiani hatukuongea habari ya kuku.

Mlango wake ulikuwa umefungwa. Lenah alinitazama mimi, na ilikuwa haki niwe mimi. Neno lilikuwa zito mdomoni kuliko nilivyodhani, ingawa nimelisema miaka kumi na tisa.

"Hodi, Mama Kiptum."

Ndani kitu kiliwekwa mezani. Tukasubiri. Lenah alinishika mkono, na nilisikia miguu ikija kwenye sakafu, bila haraka.

"Karibuni," alisema Mama Kiptum, akatufungulia.